Mnyama Mwenye Jua Mgongoni: Mwongozo wa Kuisoma Sarafu ya Som 200 ya Uzbekistan

Sarafu ya Uzbekistan mara nyingi hufika mkononi bila maelezo. Imebaki mfukoni mwa ndugu aliyekwenda Samarkand, au imo kwenye fungu la sarafu mchanganyiko lililonunuliwa kwa uzito. Mtu huigeuza, huona mnyama mwenye milia na jua limechomoza mgongoni mwake, kisha huuliza: hii inauzwa bei gani?

Kwa sarafu ya som 200 jibu ni fupi. Ni chenji ndogo. Kwa viwango vya miaka ya karibuni haifiki hata senti mbili za Marekani. Lakini udogo huo ndio unaoifanya istahili kusomwa. Mwaka 1997 Uzbekistan ilitoa noti ya som 200 yenye mnyama huyuhuyu, na wakati huo ndiyo iliyokuwa noti kubwa kuliko zote nchini. Kwa bei rasmi ilibadilishwa kwa zaidi ya dola mbili. Mwaka 2018 tarakimu ileile na picha ileile zilirudi, safari hii juu ya kipande cha chuma cha kurudishia chenji, chenye thamani ya senti mbili na nusu hivi. Mnyama hajabadilika. Kilichobadilika ni fedha iliyombeba, na ndiyo maana nakushauri uanze kuisoma sarafu hii kwa kuuliza ilinunua nini, kabla ya kuuliza itauzwa kiasi gani.

Mwongozo huu utakusaidia kuitambua, kuelewa michoro yake, kupiga hesabu ya thamani yake, kuizuia isiliwe na kutu, na kuepuka kulipa fedha nyingi bila sababu.

Andaa kwanza

- Sumaku ndogo. Ile ya kubandika kwenye friji inatosha.
- Lenzi ya kukuzia, au kamera ya simu inayopiga vizuri kwa karibu.
- Rula yenye milimita.
- Taa unayoweza kuilaza ubavuni.
- Daftari. Mizani ya sonara ukiweza kuazima, vizuri zaidi.

Hatua ya kwanza: hakikisha unacho kile unachodhani unacho

Kabla ya kusoma historia yoyote, tambua kitu chenyewe. Watu wengi huchanganya sarafu za Uzbekistan na za majirani zake waliotoka nao katika Umoja wa Kisovieti.

1. Shika sarafu kwa ukingo, usiguse nyuso zake. Jasho la vidole lina chumvi, na chumvi ni adui wa sarafu hii, kama utakavyoona mbele.
2. Tafuta tarakimu 200 na maandishi SOʻM kwa herufi za Kilatini. Ukiona СЎМ, hizo ni herufi za Kisirili. Noti za Uzbekistan za miaka ya 1990 ziliandikwa hivyo, na kwa macho ya haraka zinasomeka kama "CYM". Hakuna nchi inayoitwa hivyo.
3. Tafuta mwaka. Mfululizo wa sarafu za som 50, 100, 200 na 500 una tarakimu 2018. Sarafu ya som 1,000 ilifuata mwaka 2022.
4. Weka sumaku. Sarafu hii ni chuma kilichofunikwa utando mwembamba wa nikeli, kwa hiyo itanasa mara moja.
5. Simamisha nembo wima, kisha igeuze sarafu kutoka kushoto kwenda kulia. Andika kama upande wa pili nao umesimama wima au umepinduka kichwa chini. Wakusanyaji huuliza jambo hili kila mara, na ni rahisi kulisahau.

> ANGALIZO
> Sumaku inakuambia kilichomo ndani tu. Haikuambii kama sarafu ni halali, wala haikuambii umri wake. Mtu akikuuzia "fedha halisi ya Samarkand" na sumaku ikanasa, mrudishie: madini ya fedha hayanasi kwenye sumaku.

Hatua ya pili: soma upande wa nembo

Laza taa ubavuni ili vivuli vijaze michongo. Taa ikiwa juu kabisa, nembo itang'aa tu na hutaona kitu.

Nembo hii ilipitishwa tarehe 2 Julai 1992, mwaka mmoja usiotimia baada ya uhuru. Katikati yuko ndege Humo, amefungua mabawa. Katika masimulizi ya Asia ya Kati na Uajemi ni ndege wa bahati njema. Kivuli chake kikimwangukia mtu, humletea heri. Nyuma yake jua linachomoza juu ya milima na mito. Juu kabisa kuna nyota ya pembe nane, na ndani yake mwezi mwandamo na nyota. Chini, utepe wenye jina la nchi.

Sasa tazama shada linalozunguka yote hayo. Upande mmoja ni masuke ya ngano, upande mwingine ni vitumba vya pamba vilivyopasuka. Hapa usiharakishe.

Mito iliyochorwa katika nembo hufahamika kuwa Amu Darya na Syr Darya. Tangu miaka ya 1960, dola ya Kisovieti ilichepusha maji ya mito hiyo miwili kwa wingi mno ili kumwagilia mashamba ya pamba, na Bahari ya Aral, iliyokuwa ikilishwa na mito hiyohiyo, ikakauka sehemu kubwa. Meli za uvuvi zilibaki juu ya mchanga katika mji wa Moʻynoq. Pamba hiyo iliendelea kuvunwa baada ya uhuru kwa kuwalazimisha watu: wanafunzi, walimu, wauguzi walipelekwa mashambani kila msimu. Ni mwaka 2022 ndipo Shirika la Kazi Duniani lilipotangaza kwamba kazi ya kulazimishwa ya kimfumo imekoma katika mavuno ya pamba ya nchi hiyo. Kwenye nembo, mito na pamba vimechorwa pamoja kwa amani, na kila raia aliyepokea chenji ya som 200 mwaka 2018 alikuwa na sababu ya kujua habari iliyo nyuma ya mchoro huo. Msomaji wa Shinyanga au Simiyu, anayejua pamba inavyoweza kumlisha mkulima au kumfilisi, ataielewa haraka.

Mwisho, tafuta maneno MARKAZIY BANKI, yaani Benki Kuu. Herufi za Kilatini nazo zina tarehe: sheria ya kuachana na Kisirili ilipitishwa mwaka 1993, lakini fedha ya karatasi iliendelea kuandikwa kwa Kisirili kwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo usitumie aina ya herufi peke yake kukisia umri.

Hatua ya tatu: soma upande wa mnyama

Picha imetoka kwenye lango la madrasa ya Sher-Dor, katika uwanja wa Registan mjini Samarkand. Ujenzi wake ulianza mwaka 1619 na kumalizika 1636 chini ya mtawala wa mji, Yalangtush Bahodir. Ng'ambo ya uwanja, zikitazamana uso kwa uso, iko madrasa ya Ulugh Beg ya miaka ya 1417 hadi 1420, iliyojengwa na mjukuu wa mtawala Timur aliyekuwa pia mwanafalaki mkubwa. Ya tatu, Tilya-Kori, ilikuja baadaye katika karne hiyohiyo ya 17. Samarkand iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Juu ya upinde wa lango la Sher-Dor kuna wanyama wawili wa vigae vya rangi, mmoja kila upande, wakifukuza paa weupe. Migongoni mwao jua linachomoza likiwa na uso wa mtu.

Jina la jengo linataja simba, lakini milia inaonyesha chui milia, na wageni hubishana sana juu ya hilo. Usipoteze muda kwenye ubishi huo. Jambo la kuandika daftarini ni kwamba chui milia hakuwa mnyama wa kigeni huko. Chui milia wa Turan aliishi katika matete ya kingo za Amu Darya hadi karne ya 20, kisha akatoweka kabisa.

Swali zito zaidi ni hili: picha ya viumbe hai na jua lenye uso inafanya nini juu ya mlango wa chuo cha dini? Msomaji aliyepitia chuo cha Qurani Lamu au Unguja anaijua Bukhara kwa sababu ya Imamu al-Bukhari, aliyezaliwa huko mwaka 810 na kuzikwa karibu na Samarkand. Kwake, mapambo ya maandishi na maumbo ya kijometri ndiyo yangeonekana ya kawaida. Mnyama na jua ni alama ya kale katika nchi zilizoguswa na utamaduni wa Kiajemi, na wengi wameisoma hapa kama tangazo la nguvu za mtawala aliyejenga. Naona maelezo hayo yana uzito. Sher-Dor imejengwa kuikabili madrasa ya mjukuu wa Timur, na mtawala asiye na nasaba ya Timur alihitaji kusema kitu juu ya lango lake.

Benki Kuu ilipolichukua umbo hilo ikaliweka kwenye noti mwaka 1997 na kwenye sarafu mwaka 2018, ilichukua alama ambayo kila mtoto wa Samarkand ameiona.

Hatua ya nne: elewa fedha iliyo nyuma ya sarafu

> TAREHE ZA KUWEKA KARIBU
> - 1991: Uhuru. Ruble inaendelea kutumika.
> - Novemba 1993: Kuponi za som zinaanza, baada ya Urusi kuondoa noti za zamani za ruble.
> - 1 Julai 1994: Som ya sasa inaanza, som 1 kwa kuponi 1,000. Som 1 ina tiyin 100.
> - 1997: Noti ya som 200.
> - 2001: Noti ya som 1,000.
> - 2013: Noti ya som 5,000.
> - Septemba 2017: Bei rasmi ya dola inapanda kutoka karibu som 4,200 hadi 8,100.
> - 2018: Sarafu za som 50, 100, 200 na 500.

Tazama pengo kati ya 2001 na 2013. Kwa miaka 12 noti kubwa kuliko zote ilibaki ile ya som 1,000, huku bei zikipanda. Kufikia mwisho wa 2012 dola 100 kwa bei rasmi zilikuwa karibu noti 200 za som 1,000, na kwa bei ya mtaani zilikuwa nyingi zaidi. Watu walikwenda sokoni na mafurushi. Sarafu zilipotea kwenye matumizi, na mwenye duka asiye na chenji alikurudishia pipi, kibiriti au ubani wa kutafuna.

Kulikuwa na bei mbili za dola: ya serikali na ya vichochoroni. Baada ya kifo cha Rais Islam Karimov mwaka 2016, mrithi wake Shavkat Mirziyoyev aliruhusu watu na kampuni kubadilisha fedha kwa uhuru, na tarehe 5 Septemba 2017 thamani rasmi ya som ikashuka kwa karibu nusu ndani ya siku moja. Iliuma, lakini bei mbili zikawa moja. Sarafu za 2018 ni matunda ya mageuzi hayo: noti ndogo huchakaa upesi, chuma hudumu, na duka likapata tena kitu cha kurudisha badala ya pipi.

Tiyin ndizo zilizoumizwa zaidi. Kwa bei ya som 8,100, dola moja ilikuwa sawa na tiyin 810,000. Ukikuta sarafu ya tiyin ya mwaka 1994 katika fungu lako, ihifadhi vizuri, lakini usiibebe kwenda Tashkent ukitarajia kununulia kitu. Tiyin si fedha halali tena.

Hatua ya tano: piga hesabu mwenyewe

Hesabu ni moja tu, na ukiijua huwezi kudanganywa:

*som zilizoandikwa ÷ som kwa dola moja × shilingi kwa dola moja*

Chukua mfano. Tuseme dola moja ni som 12,800 na shilingi 130 za Kenya:

1. 200 ÷ 12,800 = dola 0.0156
2. 0.0156 × 130 = shilingi 2 za Kenya hivi.

Tuseme dola ni shilingi 2,600 za Tanzania: utapata kama shilingi 40. Seti nzima ya sarafu nne za 2018 ina som 850, yaani chini ya senti saba za Marekani. Tumia bei ya siku unayopiga hesabu, kwani som na shilingi zote husogea.

> KOSA LINALORUDIWA
> Ukitaka kujua fedha ya miaka ya kabla ya Septemba 2017 ilinunua nini, usitegemee bei rasmi peke yake. Bei ya mtaani ndiyo iliyotawala soko, na katika miezi ya mwisho kabla ya mageuzi dola mtaani ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya serikali. Hesabu ya bei rasmi itakuonyesha watu matajiri kuliko walivyokuwa.

Hatua ya sita: itunze, hasa ukiwa Pwani

Sehemu hii wengi huiruka, kisha baada ya mwaka mmoja wanakuta mnyama ameota madoa ya hudhurungi. Utando wa nikeli ni mwembamba, na mahali pake dhaifu ni ukingoni, ambako sarafu hugongwa na wenzake mfukoni. Utando ukipasuka, hewa yenye chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja huingia na chuma huanza kutu kutoka chini. Ukiwa Nairobi au Arusha hatari hii ni ndogo zaidi, lakini usiipuuze.

1. Kama ina uchafu wa mfukoni, iloweshe kwenye maji safi (yaliyochemshwa na kupoa ni bora kuliko ya kisima) na tone la sabuni ya vyombo.
2. Suuza mara mbili. Usisugue.
3. Kausha palepale kwa kitambaa laini cha pamba kwa kugusagusa, kisha iache saa kadhaa mahali pakavu penye kivuli.
4. Iweke kwenye kijifuko kigumu cha kuwekea sarafu, au bahasha ndogo ya karatasi isiyo na tindikali. Epuka mifuko ya plastiki laini inayonuka. Hutoa kemikali zinazoacha utando wa kijani au wa kunata.
5. Weka kijifuko ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Badilisha vipakiti kila msimu wa mvua.
6. Kagua ukingo mara kwa mara kwa lenzi. Ukiona doa la kutu, itenge na nyingine siku hiyohiyo.

Limau, majivu, dawa ya meno na dawa ya kung'arisha shaba: vyote hivyo ni marufuku. Vitaling'arisha jua la mgongoni kwa wiki moja na kuondoa utando unaolilinda kwa maisha yote.

Hatua ya saba: kununua bila kuumia

Kwa bei ya mfano wetu, dola moja ina sarafu 64 za som 200. Muuzaji anayekuomba dola moja kwa sarafu moja anakuuzia kazi yake ya kuichagua, kuifunga na kuituma, na hilo ni halali kabisa. Kulipa kiasi hicho kwa sarafu safi unayoipenda si ujinga. Kulipa dola kumi kwa kuwa umeambiwa ni "adimu" ni jambo jingine: hii ni sarafu ya matumizi ya kila siku, iliyotengenezwa kwa ajili ya maduka ya nchi nzima.

Kabla ya kulipa, pitia haya:

- [ ] Picha ni za sarafu hii hasa, pande zote mbili, wala si picha ya mfano.
- [ ] Mwaka unasomeka.
- [ ] Ukingo umeonyeshwa, na hauna kutu.
- [ ] Haing'ai isivyo kawaida kama iliyosuguliwa. Mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja ni dalili ya kusuguliwa.
- [ ] Muuzaji hadai kuwa ni ya zama za Timur au ya Njia ya Hariri. Jengo ni la karne ya 17, sarafu ni ya juzi.
- [ ] Gharama ya kutuma haizidi mno bei ya sarafu. Ikizidi, subiri ukusanye nyingine kadhaa ununue pamoja.

Ukisafiri mwenyewe, omba chenji dukani au sokoni Tashkent na uchague zilizo safi kutoka mkononi mwako. Hakuna njia nafuu kuliko hiyo.

Ukitaka kuongeza kitu kimoja tu kwenye mkusanyiko wako, tafuta noti ya som 200 ya mwaka 1997. Hakikisha ina herufi za Kisirili, mwaka 1997, na mnyama wa Sher-Dor upande wa nyuma. Noti isiyo na mkunjo ndiyo ya kutafuta, na bado haipaswi kuwa ghali. Katika kadi yako ya kumbukumbu andika noti na sarafu mistari miwili inayofuatana, kila mmoja na thamani yake kwa dola katika mwaka wake. Lakini vihifadhi kwenye vifuko tofauti, kwa sababu kutu ya chuma ikigusa karatasi huacha doa lisilotoka.